Tangi Limejaa, Asema Nani?

Mwisho wa muhula huu ndugu zetu wa uhandisi watatawanyika kwenda mafunzo ya viwandani. Watakaopelekwa kwenye sukari, maji, saruji au umeme watakutana na kazi moja ndogo isiyo na sifa, ambayo darasani hupitwa haraka haraka: kusanidi draiva ya mawasiliano. Naomba walio sharia na elimu wasifunge ukurasa. Jambo hili linawahusu pengine kuliko sisi.

Kiwandani kuna kidhibiti, ambacho mafundi wote hukiita PLC. Ni sanduku linalosoma vihisi (joto, shinikizo, kina cha maji) na kuwasha au kuzima mota na vali kwa kufuata programu liliyopewa. Mbali kidogo, kwenye chumba chenye kiyoyozi, amekaa mwendeshaji mbele ya kompyuta yenye picha za matangi na mabomba. Mwendeshaji halioni tangi. Anaona picha ya tangi na tarakimu pembeni yake. Kati ya sanduku na picha ipo programu ndogo inayouliza bila kuchoka: rejista namba fulani ina nini? Ikijibiwa, inapeleka jibu kwenye skrini, kisha inauliza tena. Hiyo ndiyo draiva.

Kuisanidi ni kujaza fomu. Njia ya mawasiliano ni ipi, waya wa RS-485 au mtandao wa Etheneti. Anwani ya kifaa. Kasi ya waya, labda 9600 au 19200. Pariti. Isubiri jibu kwa muda gani kabla ya kukata tamaa, tuseme milisekunde 1000. Irudie mara ngapi, tuseme 3. Rejista zipi zisomwe, na kila moja igeuzwe vipi kutoka namba mbichi kuwa lita au nyuzi. Halafu, mara nyingi chini kabisa ya fomu au kwenye ukurasa wa pili ambao hakuna anayeufungua, lipo swali hili: mawasiliano yakikatika, skrini ionyeshe nini?

Swali langu limejificha hapo. Skrini ikisema tangi limejaa, na tangi ni tupu, ni nani aliyesema uongo?

Mawasiliano yakikatika, draiva ina njia tatu za kawaida. Inaweza kuonyesha sifuri. Inaweza kubakiza tarakimu ya mwisho iliyoipata. Inaweza kuweka alama kwamba haina habari. Kwa jicho la haraka hizi ni ladha tu za mpangaji, kama rangi ya kitufe. Lakini tuchukue boila ya kiwanda cha sukari, inayochoma makapi ya miwa. Maji yakishuka chini ya kiwango huku moto unaendelea, chuma kinapata joto lisilovumilika, na anayekuja kuongeza maji wakati huo anaweza kusababisha mlipuko. (Boila iliyotengenezwa vizuri ina kinga yake inayozima moto bila kuuliza kompyuta yoyote. Ni vizuri iwe hivyo, na baada ya kusoma makala hii mtaona kwa nini.) Kwa mwendeshaji wa boila hiyo, asilimia 62 ya sasa hivi na asilimia 62 ya dakika kumi na mbili zilizopita ni habari mbili tofauti kabisa. Kwenye skrini zimeandikwa kwa herufi zile zile.

Wahandisi wa zamani walilijua tatizo hili kabla ya kompyuta kuingia viwandani. Vihisi vingi hutuma kipimo kwa mkondo wa umeme wa kuanzia miliampea 4 hadi 20. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huuliza kwa nini isianzie sifuri, maana hesabu ingekuwa rahisi. Sababu ni kwamba tangi tupu linasema 4, na waya uliokatika unasema 0. Kwa kuanzia 4 waliupa waya uwezo wa kusema "sipo", kauli ambayo ni mbali na "hakuna maji". Naona hiyo ni moja ya kazi za uaminifu zilizowahi kufanywa na watu wasiojulikana majina. Na kinachosikitisha ni kwamba fundi wa leo anaweza kuifuta yote kwa chaguo moja kwenye fomu, draiva ikatoa sifuri pale kebo ya mtandao ilipochomoka, na waya na tangi vikarudi kusema lugha moja.

Itifaki iliyoenea sana viwandani, Modbus, ilitolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na mpaka leo imejaa kila mahali. Ukiiomba rejista inakupa namba ya biti 16. Basi. Haikwambii imepimwa lini wala kama kihisi kilikuwa kizima. Tena ina mtego wake mashuhuri: rejista ambayo kitabu cha mtengenezaji kinaiita 40001, kwenye waya inaombwa kwa anwani 0. Asiyejua anasoma jirani. Anaomba kina cha maji anapewa joto la mafuta, na ikiwa zote mbili zinacheza kati ya 40 na 80, hakuna atakayeshtuka kwa wiki kadhaa. Mfumo wa OPC, uliokuja miaka ya 1990, ulijaribu kutibu hilo kwa kuifanya kila thamani isafiri na wenzake wawili: wakati iliposomwa, na hali yake, yaani nzuri, mbaya au ya mashaka.

Hapa ndipo ninapowaita ndugu zetu wa elimu ya hadithi, maana wao walifika mapema. Wao hawapokei matini peke yake. Wanauliza sanad: nani kakusimulia, na yeye alisikia kwa nani, lini walikutana, kumbukumbu yake ilikuwaje uzeeni. Thamani ya OPC, ukiiangalia vizuri, ni matini iliyofungwa na sanad yake. Na skrini nyingi nilizoziona zinaonyesha matini na kutupa sanad, kwa sababu eti inachafua picha.

Lakini kufanana kunakonishughulisha zaidi ni katika mlango wa tadlis. Mpokezi anasimulia kwa neno "kutoka kwa fulani", na huyo fulani ni mtu ambaye kweli alikutana naye na kweli alisikia kwake mambo mengi. Ila habari hii hasa hakuisikia kwake. Katikati kuna mtu aliyerukwa. Hakutamka neno la uongo. Hakusema "nimemsikia". Amepanga maneno yake msikilizaji adhani hakuna pengo. Maulamaa walitofautiana juu ya uzito wa jambo hili. Shu'ba bin al-Hajjaj wa Basra alikuwa mkali mno juu yake. Wengine waliona kwamba wapo watu wakubwa, waaminifu wasiotiliwa shaka, waliopatikana nalo mara chache, na haiwezekani kuwatupa wote. Karne nyingi baadaye Ibn Hajar al-Asqalani akawapanga wenye tadlis katika tabaka tano, kuanzia wale ambao jambo lao halidhuru hadi wale ambao riwaya zao hazifai. Kanuni iliyotumika sana kwa tabaka za katikati ni nyepesi kuieleza: mtu huyo akisema wazi "nimesikia" au "amenisimulia", tunapokea. Akisema "kutoka kwa", tunasimama.

Tarakimu iliyobakizwa kwenye skrini ni tadlis. Draiva haikuibuni. Iliipata kweli, kutoka kwa kidhibiti cha kweli, dakika kumi na mbili zilizopita. Inaendelea kuionyesha mahali pale pale panapoonyeshwa habari za sasa, na mwendeshaji anadhani hakuna pengo.

Faida ya kulitazama hivi ni kwamba linatuondoa kwenye hukumu za jumla. Simwambii fundi kwamba kubakiza tarakimu ya mwisho ni haramu ya uhandisi. Zipo sehemu ambapo ndilo jambo la busara: joto la ghala kubwa halibadiliki katika sekunde tano, na mtandao ukikohoa kidogo hakuna sababu ya kumtia mtu hofu. Tatizo ni kutosema. Ukibakiza tarakimu na kuipaka kijivu, ukaandika pembeni saa iliposomwa, umetoka kwenye "kutoka kwa" na kuingia kwenye "nimesikia saa nne na dakika ishirini". Msikilizaji anajua afanye nini na hilo.

Kuna tukio ambalo kila mhandisi wa udhibiti analijua, la mwaka ule ule Modbus ilipotolewa. Tarehe 28 Machi 1979, alfajiri, kwenye mtambo wa pili wa nyuklia wa Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani, pampu za kulisha maji zilisimama, shinikizo likapanda, na vali ya kupunguza shinikizo ikafunguka kama ilivyotakiwa. Baadaye ikaamriwa ifunge. Haikufunga, ilikwama wazi. Kwenye paneli kulikuwa na taa ya vali hiyo, na taa ilizimika. Waendeshaji wakaelewa kwamba vali imefungwa. Taa haikuwa imeunganishwa na vali yenyewe. Iliunganishwa na umeme unaopeleka amri kwenye vali. Ilisema "amri ya kufunga imetoka", wao wakasoma "vali imefunga". Maji ya kupoza yalivuja kwa zaidi ya saa mbili kabla ya mtu kuziba njia ile, na sehemu kubwa ya kiini cha mtambo ikayeyuka.

Ile taa haikudanganya. Ilisema kweli kabisa juu ya jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Nami naona makosa mengi ya draiva ni ya jamii hii. Fundi anasoma rejista inayobeba amri ya kuwasha pampu, anaiandika kwenye skrini "PAMPU INAFANYA KAZI", kwa sababu rejista ya amri ilikuwa karibu na ile ya hali halisi ilihitaji kuvutwa waya mwingine kutoka kwenye swichi ya mota. Siku mota ikiungua, skrini itabaki kijani.

Upo pia uongo wa kukusudia, na huo unatufundisha kwa upande wake. Stuxnet, programu ya hujuma iliyogunduliwa mwaka 2010 na kulenga kiwanda cha kurutubisha urani cha Natanz, Iran, haikuanza kwa kuvunja mashine. Iliingia kwenye draiva. Katika kompyuta za kupangia vidhibiti vya Siemens kuna faili moja ambalo mazungumzo na kidhibiti hupitia. Stuxnet ililibadilisha jina faili la asili, ikakaa mahali pake, ikawa inapitisha maombi mengi kama kawaida: kati ya kazi 109 za faili lile, 93 zilipelekwa kwa mwenyewe bila kuguswa, na 16 zikazuiliwa. Mhandisi akitaka kuangalia programu iliyo ndani ya kidhibiti, alionyeshwa ile aliyoiandika yeye, na nyongeza ikafichwa. Katika sehemu moja ya hujuma hiyo zilirekodiwa sekunde 21 za vipimo vya kawaida, kisha zikachezwa tena na tena wakati mashinepewa zinaumizwa.

Ninyi mnaofuatilia habari mtakuwa na maoni yenu juu ya nani alifanya na kama alikuwa na haki. Mimi nataka mtazame kitu kimoja tu. Yule mhujumu, kwa akili na fedha zake zote, alichohitaji kumwekea mwendeshaji mbele ya macho ni tarakimu za zamani zilizovaa nguo za sasa. Fundi mvivu hutoa kitu hicho hicho bure.

Sasa dhamana. Rafiki yangu mmoja wa sharia, nilipomweleza haya, alinikatiza: aliyefungua vali ni mwendeshaji, mkono ni wake, na kitendo hunasibishwa na mtendaji. Ni kweli kwamba mafaqihi wanatofautisha mtendaji wa moja kwa moja na msababishaji. Majalla, sheria ya madai ya Dola ya Uthmaniya iliyokusanywa kati ya 1869 na 1876, inaweka wazi kwamba wawili hao wakikutana, hukumu inaelekezwa kwa mtendaji. Mfano wake ni kisima: mmoja amechimba kisima kwenye njia ya watu, mwingine akamsukumia ndani mnyama wa jirani. Aliyesukuma ndiye anayelipa.

Lakini ukiugeuza mfano upande wa pili unapata jibu letu. Ikiwa hakuna aliyesukuma, mnyama ametembea mwenyewe akatumbukia, anayelipa ni mchimbaji, maana alichimba njiani bila ruhusa. Aliyesukuma alikiona kisima. Mwendeshaji wa boila hakukiona. Alitembea kwenye njia aliyoambiwa ni salama, na aliyemwambia ni mtu aliyejaza fomu ya draiva miaka mitatu nyuma na kwenda zake. Kumlaumu mwendeshaji kwa kuamini skrini ni sawa na kumlaumu mpita njia kwa kukanyaga njia.

Hoja nzito zaidi ni ya chaguo la asili. Fundi atasema: mimi sikuchimba. Kisanduku cha "bakiza tarakimu ya mwisho" kilikuwa kimeshawekwa alama na mtengenezaji, mimi sikukigusa. Je, kuacha ni kutenda? Hapa siwezi kuwa mkali kama Shu'ba. Aliyefundishwa kwa wiki moja, akapewa kompyuta na kuambiwa hakikisha skrini inawaka, hajui hata kwamba ukurasa wa pili upo, na mtu hahesabiwi kwa asichokijua wala hakuwa na njia ya kukijua. Ila hali hiyo haidumu. Siku aliyoufungua ukurasa wa pili na kusoma swali, kuliacha kama lilivyo kumekuwa jibu lake. Na nyinyi mliosoma mpaka hapa mmeshaufungua.

Kuna upande mwingine ambao haki inataka tuutaje. Draiva inayosema kila kitu nayo inaharibu. Pale Three Mile Island kengele zaidi ya mia moja zililia katika dakika za mwanzo, na mashine ya kuchapisha taarifa ikachelewa nyuma ya matukio kwa zaidi ya saa nzima. Anayepigiwa kelele kwa kila jambo hubaki bila jambo. Tena kuna ujirani kwenye waya: vifaa ishirini vikishiriki laini moja ya RS-485, na kimoja kimekufa, draiva inayomsubiri maiti sekunde moja mara tatu kila mzunguko inawachelewesha wazima wote kumi na tisa. Ndiyo maana draiva nzuri humweka pembeni asiyejibu na kumjaribu mara moja moja. Kuchagua nani asubiriwe kwa muda gani, na kengele ipi inyamazishwe, hakuna kitabu kitakachokufanyia. Unahitaji kujua ni kifaa kipi kikinyamaza mtu anaweza kufa.

Katika kiwanda kimoja nilichopita kulikuwa na mzee wa boila ambaye kila baada ya nusu saa alitoka nje ya chumba cha udhibiti, akapanda ngazi, akatazama kioo cha kina cha maji kilichofungwa ubavuni mwa boila, akarudi kuandika kwenye daftari. Vijana walimcheka na kumwita Mzee Daftari. Nilimuuliza kama haiamini skrini. Akasema anaiamini sana, ndiyo maana anaikagua, asiyoiamini angeiacha.

Kinachonitia wasiwasi juu ya ndugu zetu wanaoondoka si ufundi. Ni karatasi. Siku ya kukabidhi mfumo, kuna orodha ya vituo vyote vya kipimo, labda mia mbili, na mbele ya kila kimoja pa kuweka saini kwamba kimejaribiwa. Mteja anasubiri, gari la kurudi mjini limewashwa, msimamizi anakwambia thelathini za mwanzo ziko sawa na zilizobaki ni za aina hiyo hiyo, weka saini tu, kijana. Yeye ndiye atakayeandika ripoti yako ya mafunzo. Hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye ada yake imelipwa kwa ng'ombe wa nyumbani, na sitajifanya kwamba ni jepesi.

Bado, saini ile ni ushahidi. Nayo ina daraja zake, na mtu anaweza kuwa mkweli bila kugombana na mtu. Unaweza kutia saini kwenye thelathini na kuandika tarehe. Kwenye zilizobaki unaweza kuandika "imesomwa kwenye skrini, haijalinganishwa na kifaa", maneno ambayo ni kweli na hayamtukani yeyote. Wasimamizi wengi, nikisema kwa niliyoyaona, watanung'unika kisha wataiacha. Wengine watakunyang'anya kalamu na kutia saini wenyewe, na hapo ushahidi umekuwa wao.

Fomu nyingi za makabidhiano zina safu moja tu ya "imejaribiwa", bila kuuliza imejaribiwa wapi. Safu ya pili, ya aliyepanda ngazi akatazama kioo, unaweza kuichora mwenyewe kwa rula kabla ya kazi kuanza.